Usiiuze kwa kilo: injini zenye kutu na mafundi wa Kamina

Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, iko umbali wa takriban kilomita 600 za reli kutoka Lubumbashi. Umbali huo peke yake unaeleza kwa nini injini iliyokufa haitupwi upesi hapa. Huvutwa hadi nyuma ya nyumba, ikaegemezwa ukutani, ikanyeshewa misimu kadhaa, kuku wakalala juu yake, na bado mwenyewe akiulizwa atasema, "Nzima hiyo, ilikamata tu." Kisha siku moja anatokea mtu anayetaka kuendesha mashine ya kusaga mahindi, au mwenye gari ambaye injini yake imetoboka, na bei inaanza kutajwa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Hapo pia ndipo injini nyingi huuawa mara ya pili, kwa sababu jambo la kwanza linalomjia kila mtu akilini ni kwenda kuleta betri.

Makala haya yanahusu yale yanayopaswa kufanywa kabla ya betri.

Mji wenyewe umelelewa na chuma. Reli kutoka kusini ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Mwaka 1928 ikafunguliwa njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita Kamina, na mwaka 1956 likamalizika tawi la kwenda Kabalo, linaloiunganisha Kamina na Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Nyaya za umeme wa treni kutoka Lubumbashi nazo zilikomea hapa, kwa hiyo Kamina ndipo kichwa cha umeme kilipofunguliwa na cha dizeli kufungwa mahali pake. Ongeza kambi kubwa ya kijeshi waliyoijenga Wabelgiji nje ya mji baada ya Vita Kuu ya Pili, na utaelewa kwa nini vizazi kadhaa vya watu wa hapa vimekulia karibu na spana. Reli ilipodhoofika, maarifa yale yalihamia kwenye gereji za uani, chini ya miembe.

Injini ninayoichukulia mfano ni ile ambayo kila fundi wa Katanga ya zamani anaijua: 1HZ ya Toyota, inayokaa kwenye Land Cruiser za mashirika, misheni na serikali. Ilianza kutolewa mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na haina tabo wala kompyuta. Inakunywa mazutu, yaani dizeli, hata ile isiyo safi sana, na ikishawaka inahitaji waya mmoja tu wa umeme, ule unaoshikilia solenoidi ya pampu ili dizeli ipite. Kwa barabara ya taifa namba 1, ambayo kati ya Kaniama na Lubudi ni tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, sijui injini nyingine inayosamehe makosa ya binadamu kiasi hicho.

Lakini haisamehe maji. Injini ikizimwa, krankishafti husimama popote inapotaka. Kati ya silinda sita, kadhaa zitakuwa zimeachwa na vali wazi, ya kuvutia hewa au ya kutolea moshi. Mtu akiondoa ea klina akaiuza, au ekzosi ikaachwa imeelekea juu bila kifuniko, hewa yenye unyevu ya Novemba hadi Machi inaingia moja kwa moja hadi juu ya pistoni. Ukuta wa silinda ni chuma cha kumwaga, na ringi za pistoni nazo ni za chuma. Kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma ilichokila, kwa hiyo inajibana kati ya ringi na ukuta mpaka vinakuwa kitu kimoja. Silinda ambazo vali zake zilikuwa zimefungwa zinaweza kubaki zinang'aa. Ndiyo maana injini ileile utaikuta mbovu upande mmoja na nzima upande wa pili, na anayesema "imeoza yote" kabla hajaifungua anabahatisha.

Sasa kuhusu betri. Mwenye injini ana haraka, na fundi mzuri hupata shida zaidi kwake kuliko kwa kutu. "Papa, usipige stata kwanza," atamwambia, na hana budi kurudia. Sababu ni tatu. Kama kuna maji juu ya pistoni, maji hayabanwi kama hewa. Stata ikilazimisha, fimbo ya pistoni inapinda. Kama vali imeng'ang'ania ikiwa wazi, pistoni ya 1HZ itaigonga, maana nafasi kati ya vitu hivyo viwili ni ndogo sana. Na hata kama vyote hivyo havipo, ringi kavu zinazosugua kutu zinachora mistari kwenye ukuta ambayo hakuna oili itakayoifuta. Injini iliyokuwa ya kusafishwa tu inageuka ya kuchongwa.

Kazi ya kweli huanzia chini, kwenye sampu. Bolti ya kumwagia oili inalegezwa polepole, chombo kikiwa tayari, na macho yakiwa kwenye tone la kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo ndiyo yanayotangulia. Yakitoka maji matupu kidogo kisha oili nyeusi, nafuu ipo: ni mvua au jasho la hewa. Ikitoka oili nyeupe kama maziwa, maji yalichanganyika nayo injini ikiwa bado inazunguka, na hapo unaanza kushuku gasketi ya hedi au ufa. Fundi huchovya vidole na kusugua oili hiyo kwenye mwanga. Chembe zinazometa rangi ya shaba zinatoka kwenye beringi za krankishafti. Utambuzi huu haugharimu hata faranga moja, na unaweza kuokoa wiki mbili za kazi bure.

Baada ya hapo nozeli na hita plagi zinatolewa, na kila silinda inamiminiwa dawa. Kila gereji ina mapishi yake. Wengine huchanganya dizeli na oili nyepesi, wengine oili ya breki, wengine oili ya gia za otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, ikikorogwa kila mara kwa sababu hujitenga. Nimesikia mabishano marefu juu ya ipi ni bora. Kwa maoni yangu kinachofanya kazi zaidi ya yote ni muda. Dawa inamiminwa, inaachwa, inaongezwa kesho yake, inaachwa tena. Silinda ambayo dawa inashuka haraka ni ile ambayo ringi zimeanza kuachia, au ambayo haikukamata kabisa. Ile inayobaki imejaa ndiyo mgonjwa.

Siku ya kujaribu kuizungusha, hedi inakuwa imekwisha kutolewa, kwa sababu ya zile vali. Spana kubwa inawekwa kwenye nati ya puli ya krankishafti, bomba linaongezwa kwenye mkono wa spana, na fundi anasukuma, kisha anarudisha. Kwanza hakuna kinachotokea. Halafu unasikia mlio mdogo mkavu, na alama ya chaki aliyoiweka kwenye puli imesogea upana wa ukucha. Hapo mwanafunzi asiyejua huruka na kutaka kuendelea mbele. Fundi hurudi nyuma, anamimina dawa, anasogeza tena mbele kidogo kuliko mwanzo, anarudi. Kila safari ya kwenda na kurudi inatoa unga mwekundu ukutani, unaofutwa kwa kitambaa kabla haujasagwa ndani. Kupiga pistoni kwa nyundo kutoka juu ni jambo la mwisho, na hata hapo hutumika gogo la mti mgumu, kwa kuwa pistoni ni ya aluminiamu na hupasuka upesi.

Pistoni zikishatoka, bloku inabaki wazi na uamuzi mkubwa unakuja. Kutu ya juujuu husuguliwa ikaisha. Mashimo ni habari nyingine. Fundi hupitisha ukucha ukutani: ukinasa mahali ambapo ringi hupita, shimo hilo litavujisha mgandamizo na kula oili. Bloku ya 1HZ haikuwekewa slivu kiwandani. Pistoni hutembea juu ya chuma cha bloku yenyewe. Kipenyo chake ni milimita 94. Kuna pistoni zilizozidi kwa milimita 0.50, kwa hiyo bloku inaweza kuchongwa hadi saizi hiyo na kuanza maisha mapya. Mashimo yakiwa marefu kuliko hapo, silinda iliyoharibika inachongwa zaidi na kubandikwa slivu ya kukaza. Kazi zote mbili zinataka mashine ya kuchonga iliyonyooka, na za namna hiyo zimejaa Lubumbashi, penye viwanda vinavyohudumia migodi. Ndiyo maana utaiona bloku tupu, iliyopakwa grisi na kufungwa magunia, ikisubiri treni ya kwenda kusini pamoja na magunia ya mihogo. Inaweza kusubiri sana. Wapo wanaoshindwa kuvumilia wakasugua silinda kwa msasa kwa mkono na kufunga ringi mpya juu yake. Itawaka, ndiyo. Baada ya muda si mrefu itakuwa inatoa moshi wa bluu na kunywa oili, na mwenyewe ataanza kulaani ringi za dukani.

Hedi nayo ina mtihani wake, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu hauhitaji mashine. Uso wake unasafishwa mpaka uwe mkavu, kisha unapakwa mafuta ya taa na kuachwa kidogo. Unafutwa vizuri, halafu unanyunyiziwa unga wa chaki, ile ya shuleni. Kama kuna ufa, hasa kwenye ukuta mwembamba ulio kati ya vali mbili, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yatapanda taratibu na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe. Hedi za 1HZ hupasuka pale, na kisa chake karibu kila mara ni maji: rejeta iliyojazwa maji ya kisimani mwaka baada ya mwaka, kutu ikaziba njia za kupoozea, injini ikachemka, dereva akaendelea kwa sababu kijiji kinachofuata kilikuwa karibu.

Kwa vifaa vidogo vya chuma, kama kava, mabano na bolti ndefu ambazo hazipatikani kirahisi, kuna njia ya umeme ambayo mafundi wengi zaidi wangeitumia kama wangeijua. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko vichache, na betri ya volti 12. Kifaa chenye kutu kinafungwa waya wa hasi na kuzamishwa; kipande cha chuma chakavu kinafungwa waya wa chanya na kuzamishwa upande wa pili, visigusane. Povu linaanza kupanda, na baada ya saa kadhaa kutu inatoka kama tope jeusi. Lakini tahadhari: chuma cha pua kisitumike upande wa chanya, kwani hutoa sumu ndani ya maji, aluminiamu isizamishwe kabisa, itaoza, na ndoo ikae nje, mbali na sigara, maana povu hilo ni hidrojeni. Tena njia hii huondoa kutu tu. Chuma kilicholiwa hakirudi.

Anayedhani haya ni mambo ya maskini wasio na pesa za injini mpya, na akumbuke meli ya Ziwa Tanganyika, inakoishia reli ya Kalemie. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Ili kupambana na meli za Wajerumani ziwani, Waingereza walisafirisha boti zao mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa kuvutwa porini kupita Katanga hadi Bukama mwaka huohuo, wakashuka nazo Lualaba kuelekea ziwani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaelemea Wajerumani, waliamua kuizamisha wenyewe, Julai 26, 1916. Kazi hiyo walipewa wahandisi walewale waliokuja kuiunganisha: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Kabla ya kuijaza mchanga na kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali, wakiamini kwamba iko siku itahitajika. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo na boila vinafaa kutumika baada ya kusafishwa. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, na iliendelea kusukumwa na mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa dizeli. Karibu miaka minane chini ya ziwa, na kilichoiokoa ni grisi iliyopakwa mapema na mikono iliyojua inafanya nini.

Turudi uani Kamina. Kufunga injini ni kazi ya usafi kuliko nguvu. Kila kifuniko cha fimbo ya pistoni kinarudi kwa mwenzake, upande uleule, kwa sababu vilichongwa pamoja. Fundi anayevichanganya kwenye karai moja ameharibu krankishafti kabla haijazunguka. Mianya ya ringi haikai mstari mmoja. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Pampu ya dizeli ndiyo sehemu inayovunja mioyo. Inalainishwa na dizeli yenyewe, na maji yakiingia, vyuma vyake vya ndani vilivyosagwa kwa usahihi wa ajabu huota kutu ambayo huwezi kuisugua. Pampu iliyokamata isifunguliwe juu ya gunia chini ya mwembe. Itafutiwe fundi wa pampu mwenye meza ya kupimia, au itafutwe nyingine. Kutoka kwenye gari lililopinduka, mara nyingi, na hapana aibu.

Siku ya kuwasha, betri inaletwa hatimaye. Waya wa solenoidi unachomolewa ili dizeli isiingie, na stata inapigwa kwa vipindi vifupi hadi oili ipande. Kisha waya unarudishwa, hewa inatolewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na mtu mmoja anasimama karibu na mdomo wa kuvuta hewa akiwa ameshika ubao bapa. Wageni huuliza ubao ni wa nini. Huenda silinda bado zina mafuta ndani, na injini ya dizeli inaweza kuyala mafuta hayo ikapaa yenyewe bila kujali umeikatia dizeli au la. Dawa yake ni kuinyima hewa, na haizibwi kwa kiganja. Moshi mweupe mwingi utatoka, majirani watalalamika, watoto watakuja mbio. Moshi ukipungua na injini ikatulia, kazi imefanikiwa kwa kiasi fulani. Baada ya saa chache za kuzunguka polepole, oili ya kwanza inamwagwa yote.

Si kila injini iliyofufuliwa inarudi barabarani. Haut-Lomami inalima, Kaniama-Kasese, penye mashamba ya mahindi ya Service National, taasisi ya serikali, iko mkoa huuhuu, na mahindi yote hayo lazima yasagwe kabla hayajawa bukari, yaani ugali. Injini ya gari ikifungwa kwenye fremu ya vyuma, ikaunganishwa na kinu kwa mkanda na kupoozwa kwa pipa la lita 200 badala ya rejeta, inaweza kusaga kutwa. Ikiunganishwa na jenereta ya nguzo nne, inatakiwa izunguke mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, mwendo ambao kwa 1HZ ni kama kutembea. Wapo watakaosema ni matumizi ya ovyo, injini ya silinda sita kusagia debe. Hesabu ya dizeli inawaunga mkono, sikatai. Lister ya silinda moja, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1929 na kuigwa India hadi leo, inafanya kazi hiyohiyo kwa mizunguko 650 kwa dakika na mafuta kidogo. Lakini Lister ni ya kununua, na 1HZ tayari iko nyuma ya nyumba.

Na zipo za kuachwa. Bloku iliyopasuka hadi kwenye njia kuu ya oili, iache. Krankishafti iliyoliwa na kutu kwenye shingo zake zote, kupita saizi za beringi zinazopatikana, iuze. Na injini mpya za dizeli zenye reli ya pamoja ya mafuta (common rail) na nozeli za umeme, zikikaa na maji misimu miwili, usizitumbukizie pesa zako. Bei ya nozeli zake na kompyuta yake itapita bei ya gari. Nasema hivyo nikijua kwamba magari ya aina hiyo ndiyo yanayozidi kuingia, na kwamba baada ya miaka kumi nyuma ya nyumba za Kamina kutakuwa na injini ambazo mafundi hawa hawataweza kuzifufua.

Kwa wenye zile za zamani, ombi ni dogo. Kama gari lako halitatembea msimu huu, toa hita plagi na mimina vijiko viwili vya oili safi katika kila silinda. Izungushe injini kwa spana raundi mbili, ziba mdomo wa hewa na ekzosi kwa matambara yaliyolowa grisi, halafu ifunike kwa bati lililoinama. Usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu kabla fundi hajaifungua hedi. Na fanya hivyo kabla ya Oktoba, mvua hazijaanza.